Salaam, Maji na Mkono wa Fundi: Ajira kwa Mtu Mzima Mwenye Usonji Lamu

Kijijini Matondoni, kisiwani Lamu, kijana anayetaka kuwa fundi wa jahazi hapeleki barua ya maombi wala haketi mbele ya jopo. Huanza kwa kuokota vipande vya mbao, kumpa fundi tezo anapoitaka, na kushikilia ubao upande wa pili. Baada ya muda hupewa nyundo, patasi na pamba iliyolowekwa mafuta, akaambiwa aanze kukalafati. Kazi hiyo ni ya kushindilia pamba katika upenyo ulio baina ya ubao na ubao, kutoka tezi hadi omo, bila kuruka hata pahali padogo, kwa kuwa palipoachwa ndipo maji yatakapopenya. Fundi hupita nyuma yake na kuupapasa mshono kwa kidole. Ama atanyamaza, ama atasema, "Rudia hapa, mwanangu." Akinyamaza siku nyingi kuliko anavyosema, kijana amekwisha kuajiriwa.

Utaratibu huo wa kale una faida ambayo kampuni kubwa za Ulaya zimeanza kuiona katika karne hii. Mahojiano ya kazi, yale ya kuketi mezani na kuulizwa "hebu jieleze", hupima ufasaha wa mtu mbele ya wageni, namna anavyowatazama usoni, na wepesi wake wa kubashiri jibu linalotakiwa. Hayo ndiyo yanayomwia vigumu mtu mwenye usonji, na mara nyingi hayahusiani kabisa na kazi anayoiomba. Mwaka 2004 huko Denmark, Thorkil Sonne, baba wa mtoto mwenye usonji, alianzisha kampuni iitwayo Specialisterne, ambako waombaji hupewa kazi za kufanya na kutazamwa wanavyozifanya. Kampuni ya programu za kompyuta ya SAP ilianzisha mpango wake wa kuajiri watu wenye usonji mwaka 2013. Fundi wa Matondoni hangeona jipya hapo.

Usonji ni namna ubongo unavyokua tangu utotoni. Huathiri mawasiliano na mahusiano, humfanya mtu ashikamane na ratiba na mambo anayoyapenda, na mara nyingi hisi zake za sauti, mwanga, harufu au mguso huwa kali kuliko za wengine, au hafifu. Daktari Leo Kanner alipoandika kuuhusu mwaka 1943 alieleza habari za watoto 11, na tangu hapo watu wengi wakauona kama jambo la watoto. Lakini watoto hukua. Mwaka 2003 kitengo cha wanafunzi wenye usonji kilianza katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi, kwa juhudi za wazazi, na waliokuwa madawatini wakati huo sasa ni watu wazima wanaohitaji kipato.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti ya Lamu. Iliuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, pamoja na ualbino; swali la usonji halikuwamo. Kadirio hilo la dunia likiletwa Lamu, ni zaidi ya watu 1,100, kuanzia mtaa wa Mkomani mjini Lamu hadi Kizingitini kisiwani Pate. Wapo. Kila mtaa una mtu ambaye watu wamezoea kusema "yule ana mambo yake", na hakuna aliyewahi kumpeleka kwa mtaalamu.

Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, mjini Kilifi walichapisha mwaka 2015 matokeo ya mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa Kilifi na Mombasa. Walipouliza usonji unatokana na nini, walitajiwa pepo wabaya, uchawi na laana, na papo hapo wakatajiwa maambukizi, matatizo ya uzazi na urithi wa damu. Familia nyingi hupita kote kuwili, kwa mganga na hospitalini. Athari ya imani hizo kwa ajira haizungumzwi vya kutosha. Nyumba inayoamini kwamba kijana ameshikwa na jini humngojea apone kwanza ndipo atafutiwe kazi. Miaka ya kujifunza ufundi, ya 15 hadi 25, humalizikia katika kungoja.

Akishaipata kazi, huipoteza vipi? Ni mara chache kwa kushindwa kazi yenyewe. Lamu mtu hupimwa kwa salaam. Anayepita mbele ya baraza bila ya kuamkia, au anayeingia karakanani na kwenda moja kwa moja kwenye zana zake, huambiwa hana adabu, na asiyetazama usoni huhisiwa kuwa anaficha jambo. Mtu mwenye usonji huenda ametoka nyumbani akiwa na kazi ya siku nzima kichwani, na kusimama kuulizana hali na watu sita mmoja mmoja kukampotezea mpangilio wote. Bosi hamwambii kitu. Hununa, wenzake hununa, na mwisho wa mwezi kijana huambiwa kazi imepungua. Huondoka bila kujua alikosea wapi, kisha huenda kurudia lilelile kwingine.

Dawa yake ni kusema. Salaam inaweza kufundishwa kama kazi nyingine yoyote: ukiingia, sema "Salaam aleikum" mara moja kwa wote, ngoja jibu, kisha kaa kwenye kazi yako. Na wenzake nao waambiwe kwamba huyu akishatoa salaam hiyo moja ametimiza, asidaiwe zaidi.

Ndivyo ilivyo pia kwa maagizo. "Ukimaliza hapo, tazamatazama na huku" ni agizo linaloeleweka kwa aliyezoea kubahatisha mawazo ya mkubwa wake. Kwa mwingine halina maana yoyote. "Ukimaliza kufagia ua, jaza mapipa mawili ya maji, kisha uje uniambie" linamtosha. Likiandikwa au kutumwa kwa ujumbe wa sauti anaoweza kuusikiliza tena, ni bora zaidi. Maagizo ya namna hii huwafaa wafanyakazi wote, na inashangaza ni waajiri wangapi hawajawahi kuyajaribu.

Kelele nazo. Mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, unasifiwa kwa utulivu kwa sababu vichochoro vyake havipitiki kwa magari. Lakini asimame mtu gatini boti za kutoka Mokowe, upande wa bara, zinapofunga: injini, hamali, punda, mizigo inayotupwa, watu wanaoitana kwa sauti. Kwa mwenye masikio makali, nusu saa hapo humla nguvu za siku nzima. Anaweza kuvumilia, akatabasamu, akaonekana sawa. Kisha afike nyumbani ajifungie asiseme na mtu mpaka kesho. Wapo wanaovumilia hivyo kwa miezi, halafu siku moja wasirudi kazini kabisa. Viziba masikio, kivuli cha kupumzikia, au kupangiwa saa ambazo boti hazifungi kwa wingi, ni mambo ya gharama ndogo mno ukilinganisha na kumfunza mtu mpya.

Kisha kuna ratiba. Visiwa hivi haviendeshwi na saa ya ukutani. Maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, na boti za kwenda Pate hutegemea kina cha mlango wa Mkanda. Kusi likivuma bahari huchafuka. Ramadhani hugeuza usiku kuwa mchana. Watalii hupungua wakati wa masika na baadhi ya hoteli hufunga. Mtu anayehitaji siku zifanane angedhaniwa hawezi kuishi hapa, sembuse kufanya kazi.

Hapo ndipo penye matumaini, kwa kuwa karibu mabadiliko yote hayo yanajulikana mapema. Jedwali la maji hupatikana kwa mwaka mzima. Bamvua na maji mafu hufuata mwezi. Ramadhani ina majira yake. Mwajiri anayebandika ukutani karatasi ya mwezi, yenye saa za kuingia na kutoka kwa kila siku, amemwondolea mfanyakazi wake hofu kubwa. Linalomvuruga ni simu ya saa kumi na moja alfajiri: "Leo njoo sasa hivi, mambo yamebadilika." Dharura hazikosekani baharini, lakini hata dharura inaweza kuwa na utaratibu uliokubaliwa: nani atapiga simu, na itakuwa kazi gani.

Mtu mwenye usonji anaweza kudumu kazini. Mtu wa kwanza katika maandishi ya Kanner alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 huko Forest, mji mdogo wa jimbo la Mississippi, Marekani. Alihitimu chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki kwa miongo mingi, akaendesha gari, akasafiri nchi nyingi peke yake, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na hisa katika benki hiyo, na jambo hilo lisifichwe. Si kila mtu ana familia yenye benki. Hata hivyo waandishi John Donvan na Caren Zucker walipokwenda kumtafuta, walikuta mji mzima umemzoea na kumlinda, hata wakazi wengine wakawaonya wasije wakamdhuru. Walimjua tangu utotoni, kwa tabia zake zote. Lamu ina watu wa kujuana namna hiyo, na ujirani huo unaweza kumsitiri mtu au kumfungia ndani.

Kwa sababu hiyo, swali la kusema au kutosema kwamba mtu ana usonji si jepesi. Katika mji ambao habari huwahi kufika kabla ya mwenyewe, familia huogopa kwamba ndugu wengine watakosa wachumba. Hakuna anayelazimika kutangaza hali yake ndipo asaidiwe. Anaweza kusema haja tu: "Nafanya kazi vizuri nikiandikiwa," au "Kelele hunichosha, naomba nikae upande huu." Lakini anayetaka baadhi ya haki zake za kisheria atahitaji tathmini ya daktari na usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Haki zenyewe zipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge asilimia 5 ya nafasi. Serikali ya kaunti inaguswa na hilo, na waajiri wakubwa katika bandari mpya ya Lamu iliyofunguliwa mwaka 2021 pia. Karakana yenye mafundi watano, nyumba ya wageni ya Shela, duka la Langoni na boti yenye nahodha na mabaharia wawili hazifikiwi na asilimia hiyo, ingawa ndiko riziki ya wengi iliko.

Tena si wote watakaoajiriwa. Pate na Siyu zinajulikana kwa kofia za kushonwa kwa mkono, ambazo kila kitobo huzungushiwa uzi, na kofia moja inaweza kumla mtu miezi. Ni kazi ya nyumbani, kimya, yenye kurudiarudia, na ubora wake hauna ubishi. Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani mwenye usonji, amesema mara nyingi kwamba alipata kazi kwa kuonyesha michoro yake badala ya kujisifu kwa maneno. Kofia nayo hujieleza hivyo hivyo. Hatari iko kwenye bei. Anayechukua kila neno kama lilivyosemwa huamini dalali anapoapa kwamba soko limeanguka, kwa hiyo siku ya mauzo akae na ndugu anayejua bei. Mwingine hatapenda sindano hata kidogo, ila anaijua historia ya Ngome ya Lamu kuliko waongozaji wa watalii. Mwingine atahitaji mtu wa karibu maisha yake yote. Aulizwe mwenyewe, asipangiwe kwa sababu tu watu wamesikia kwamba wenye usonji "ni hodari wa vitu vidogovidogo".

Hoteli zilizofungwa wakati wa masika hutafuta wafanyakazi kabla ya watalii kurudi. Mwenye hoteli, karakana au boti anayesoma makala haya aache nafasi moja bila mahojiano. Achukue mtu kwa wiki mbili za majaribio, amlipe, amwandikie kazi za kila siku, ampe msimamizi mmoja wa kumuuliza, kisha aupime mkono wake kwa alichokifanya.