Kupita kwa Mwanga katika Kioo: Mfano wa Mkongo wa Mawasiliano wa Kigali

Makala hii inahoji kitenzi kimoja. Hufundishwa kuwa mwanga “hupita” katika kioo, kana kwamba kioo ni mlango ulioachwa wazi. Sivyo. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Uingiapo katika maada huzitikisa elektroni za atomu, nazo elektroni hutoa mawimbi yao. Kinachotokea upande wa pili ni jumla ya mawimbi hayo yote, nayo husafiri polepole zaidi: katika kioo cha mkongo, takriban kilomita 200,000 kwa sekunde badala ya 300,000. Tofauti ya kasi ndiyo inayoupinda mwanga mpakani mwa maada mbili. Katika unyuzi wa mkongo, kasi ni ndogo kiini kuliko kwenye gamba, hivyo mwanga unaougusa mpaka kwa mshazari mkali hurudi wote ndani.

Rwanda haina bahari. Mawasiliano yake na dunia hutegemea mikongo inayofika pwani ya Kenya na Tanzania; kutoka Kigali hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa mstari ulionyooka. Mbona mwanga haufifii ukatoweka njiani? Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walieleza kuwa kosa halikuwa la kioo chenyewe, bali la uchafu uliomo, hasa ayoni za chuma, unaofyonza mwanga. Walichotaka ni asilimia 1 tu ya mwanga ibaki baada ya kilomita 1. Leo, kwa mionzi infraredi ya nanomita 1,550, nusu nzima hubaki baada ya kilomita 15 hivi, kisha vikuzaji huutia nguvu upya.

Urefu huo wa wimbi haukuokotwa tu. Mawimbi mafupi hutawanywa mno na tofauti ndogondogo za msongamano wa kioo. Marefu zaidi hufyonzwa na mitetemo ya atomu. Nanomita 1,550 ni bonde kati ya vilima viwili, taswira isiyohitaji ufafanuzi Kigali.

Kwa hiyo kupinda, kutawanya na kufyonza ni istilahi tatu zisizobadilishana, na mwalimu anayezifunika zote kwa “kupita” humnyima mwanafunzi maelezo. Wa Kigali hana haja ya maabara kuzitenganisha: katika mto Nyabarongo, chembe za udongo wa milimani hutawanya mwanga, na oksidi za chuma zilizomo hufyonza buluu, maji yakaonekana ya hudhurungi.