Jamii kama Darasa: Ushirikishaji wa Wenyeji katika Hisabati Bunifu ya Shule za Msingi

Utangulizi

Kwa muda mrefu, hisabati imechukuliwa kuwa mali ya mwalimu, ubao na kitabu. Mama asukaye mikeka na babu achezaye bao kila alasiri hawajihesabu kuwa wajuzi wa somo hili, na hata watoto wao hawawahesabu hivyo. Matokeo yake ni kwamba mtoto huiacha nyumbani hesabu anayoiishi, akaenda shuleni kukariri nyingine asiyoiona maana yake. Makala haya yanaeleza jinsi wenyeji wanavyoweza kushirikishwa katika ufundishaji wa hisabati, kwa kurejelea mifano ya pwani ya Kenya, na kubainisha nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili katika kazi hiyo.

Wazo lenyewe si geni. Claudia Zaslavsky alichapisha kitabu chake Africa Counts mwaka wa 1973, akionyesha wingi wa maarifa ya hesabu barani Afrika. Nchini Msumbiji, Paulus Gerdes (1952–2014) alitumia miaka mingi kuchunguza jometri iliyomo katika ususi wa vikapu. Nchini Kenya, Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unahimiza ushirikishaji wa wazazi katika elimu. Kinachosalia ni kuuliza: mzazi aje shuleni kufanya nini?

Bao

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu 4, na huchezwa kwa kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: huanza na 6 katika nyumba, 2 katika kila mojawapo ya mashimo mawili yaliyo jirani, na 22 mkononi. Huu tayari ni mfano wa kujumlisha. Aidha, mchezaji ana mashimo 16 ya kuzungukia. Anayechota kete 5 huiangusha ya mwisho katika shimo la tano kutoka alipochota. Akichota 16, ya mwisho hurudi palepale. Mzee akimwuliza mtoto kete zitaishia wapi kabla ya kuzigusa, amemfundisha kukadiria na kufikiri mbele, mambo ambayo jedwali la kuzidisha pekee halimpi.

Vipimo vya Mwili

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Kwa urefu, shubiri mbili ni mkono, mikono miwili ni wari, na mikono minne ni pima. Mfumo huu wote umejengwa juu ya kuongeza maradufu na kugawa nusu. Fundi wa jahazi au muuza nguo mkongwe akialikwa darasani, watoto wanaweza kupima chumba kwa mikono yao na yake. Majibu yatatofautiana, na papo hapo litazuka swali la maana: kwa nini watu walihitaji mita? Hapo mtoto haambiwi tu kuwa kipimo sanifu ni muhimu, anajionea mwenyewe.

Ukili na Leso

Mkeka hutokana na ukili, yaani ukanda mrefu uliosukwa, ambao hushonwa upande kwa upande. Tuseme mkeka unaotakiwa una urefu wa mikono 4 na upana wa mikono 2, na ukili una upana wa robo mkono. Vitahitajika vipande 8 vya mikono 4 kila kimoja, yaani mikono 32, ambayo ni pima 8. Msusi hulipata jibu hili kwa mazoea. Mtoto hulipata kwa kuzidisha na kugawa. Wakiketi pamoja, kila mmoja atajifunza kwa mwenzake. Vivyo hivyo, pindo la leso likipimwa pande zote nne hupatikana mzingo wa mstatili.

Chemshabongo

Fasihi simulizi nayo ina mchango. Mtu ana chui, mbuzi na majani, na mtumbwi wake hubeba yeye na kimoja tu kati ya vitatu hivyo. Avukeje bila chochote kuliwa? Siri iko katika kumrudisha mbuzi alikotoka, na safari zote ni 7. Bibi aitegapo chemshabongo hii, mtoto hufunzwa mantiki pasipo kujua.

Lugha na Tahadhari

Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika miaka mitatu ya kwanza ya shule ya msingi. Hata hivyo, mtoto anapoendelea kwa Kiingereza, daraja kati ya neno la msusi na neno la kitabu huvunjika. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika: kukusanya istilahi za mafundi, kuzilinganisha na mzingo, eneo, kipenyo na pembetatu, na kuandaa maswali yanayoeleweka nyumbani na shuleni.

Ni muhimu pia kutahadhari. Mzee asialikwe kuwa pambo la siku ya utamaduni, apigiwe makofi na kurudishwa nyumbani. Mwalimu hana budi kuketi naye mapema, waafikiane ni dhana gani itakayofundishwa, na baada ya ziara watoto waandike na kutunga maswali yao wenyewe.

Hitimisho

Maarifa haya yamo vichwani na mikononi mwa watu wanaozeeka. Yasipoingizwa darasani, mtoto atapoteza njia ya kuelewa hisabati, na lugha itapoteza msamiati wake. Mkono mmoja haulei mwana. Wala mwalimu mmoja hamfunzi kuhesabu.