Mawimbi ya sauti yaliyopenya kupita moyo

Mpapatiko wa atria huvuruga mapigo ya vyumba vya juu vya moyo. Damu hutuama humo, na donge likiganda na kusafiri hadi ubongoni huleta kiharusi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa cheche nyingi za umeme zinazoanzisha mpapatiko hutoka ndani ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Tangu hapo tiba imekuwa kuua tishu kuzunguka midomo ya mishipa hiyo ili kovu liuzuie umeme. Kovu hilo laweza kutengenezwa kwa mawimbi ya redio, kwa baridi kali, au kwa altrasaundi, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika. Kati ya njia hizo altrasaundi ndiyo iliyoachwa, na kilichoiangusha, kwa maoni yangu, ni sifa ileile iliyowavutia madaktari.

Katheta, yaani mrija mwembamba unaoingizwa mwilini, ya mawimbi ya redio lazima iguse ukuta wa moyo na kuuchoma nukta baada ya nukta. Altrasaundi haina haja ya kugusa: hupita kwenye majimaji na mafuta, kisha hukutana mahali pamoja na kuchoma, kama miale ya jua chini ya lenzi. Kampuni ya ProRhythm iliunda maputo mawili yaliyoshikana, moja la majimaji na lingine la gesi ya kaboni dioksidi. Mpaka kati ya maputo hayo uliakisi sauti kwenda mbele ikiwa duara la joto. Matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 2005 wapasuaji waliotumia kifaa cha aina nyingine, kinachozungushwa nje ya moyo, waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 103, asilimia 85 hawakuwa na mpapatiko baada ya miezi sita. Kwa puto, ripoti ya 2007 ilionyesha wagonjwa 16 kati ya 27 wakiwa salama kutokana na mpapatiko baada ya mwaka mmoja.

Lakini nyuma tu ya atria ya kushoto, milimita chache, umelala umio. Nishati isiyohitaji kugusa haina pia sababu ya kusimama inapofika upande wa pili wa ukuta wa moyo. Madaktari wa Hamburg, Ujerumani, waliliona hilo, wakaweka kipimajoto ndani ya umio na kanuni ya kusitisha sauti joto linapopanda. Ripoti yao ya 2010 ilihusu wagonjwa 28 waliotibiwa kwa kanuni hiyo, na bado mmoja alifariki baada ya tundu kutoboka kati ya moyo na umio.

Mtu atasema wagonjwa 28 ni wachache mno kuhukumia teknolojia, na kwamba mawimbi ya redio nayo hutoboa umio. Ni kweli hutoboa. Utafiti wa POTTER-AF wa 2023, uliokusanya tiba zaidi ya 553,000, ulikuta matundu hayo katika asilimia 0.038 ya tiba za mawimbi ya redio, na machache zaidi kwa baridi. Idadi ya Hamburg haitoshi kutoa asilimia ya kuaminika, ila inatosha kuonyesha kuwa kinga iliyobuniwa mahususi kwa hatari hiyo haikufanya kazi. Ingekuwa tiba ya ugonjwa unaoua ndani ya wiki, hesabu ingebadilika. Wengi wenye mpapatiko wana dawa za kuzuia damu kuganda na za kutuliza mapigo, na wana njia nyingine za kuunguza zenye mafanikio yanayolingana. Hapo asilimia 85 ya miezi sita, tena ya watu waliokuwa tayari wamefunguliwa kifua kwa sababu nyingine, haisemi mengi.

Sasa hospitali zinahamia kwenye mipigo mifupi ya umeme inayoua seli za moyo bila kutegemea joto. Katika jaribio la ADVENT la 2023, asilimia 73.3 walifanikiwa kwa mwaka mmoja, dhidi ya 71.3 kwa njia za joto na baridi: tofauti ndogo. Kilicho kikubwa ni kwamba kati ya wagonjwa 17,642 waliotibiwa kwa umeme huo na kufuatiliwa baadaye hakuna aliyejeruhiwa umio. Hesabu hiyohiyo, kwa kuwa ilikuwa kubwa, ilifichua jambo ambalo majaribio madogo yasingeliona: wachache, takriban 3 kati ya 10,000, figo zao zilifeli baada ya umeme huo kupasua chembe nyekundu za damu.