Fungate Kwanza, Safari Baadaye

Simu hunijia Jumanne au Jumatano baada ya arusi. Sauti huwa ya chini, kama ya mtu aliyejifungia bafuni. Wamefunga ndoa Jumamosi, Jumapili alfajiri wakakimbilia Uwanja wa Wilson au stesheni ya Syokimau, na sasa wako Diani. Bahari iko hatua hamsini kutoka kitandani na bado hawajaitia mguu. Bwana arusi amelala tangu jana. Bi arusi anajibu jumbe za mtu wa mahema anayedai salio lake. Wamegombana mara mbili, na ukiwauliza ugomvi ulihusu nini, hawajui.

Mimi ni mshauri wa wachumba na wanandoa. Chumba changu kiko kando ya Ngong Road, na wengi wanaonijia wanaishi Kileleshwa, Lavington, Kawangware, Kangemi na Uthiru. Nilipoanza kazi hii niliwatakia tu safari njema. Siku hizi wachumba wakiniletea mipango yao, jambo la kwanza ninalowaomba ni waisogeze safari mbele kwa miezi minne, sita, hata minane. Lakini nisikike vizuri: ninachosogeza ni safari. Fungate haifai kuahirishwa hata kwa siku moja.

Mambo hayo mawili tumeyachanganya. Fungate, katika Kiswahili cha kale, ni saba; ndiyo hesabu tuliyokuwa nayo kabla ya neno la Kiarabu kushika nafasi yake. Neno likabaki kwa zile siku saba za baada ya arusi ambazo watu wa Mombasa na Lamu waliwaacha maarusi ndani. Hawakupelekwa popote. Kwa desturi bwana arusi ndiye aliyeingia nyumbani kwa kina bi arusi, na kwa siku hizo hakuna aliyewatuma wala kuwadai kitu. Jamaa waliwaletea chakula mlangoni. Somo wa bi arusi, yaani mwanamke wa kumfunda, alikuwa karibu, akiwa na singo ya kumsugua, udi, maji ya moto na maneno ya faragha. Siku saba zikiisha ndipo bi arusi alipopelekwa kwa mumewe. Ilikuwa tiba ya uchovu, na ilikuwa nafasi ya watu wawili kuzoeana bila macho ya ukoo.

Safari ina asili nyingine. Katika Uingereza ya karne ya 19, wenye uwezo waliianza ndoa kwa ziara ya kuwatembelea jamaa ambao hawakuweza kufika arusini, na baadaye ziara hiyo ikageuka matembezi ya wawili peke yao. Nasi tukaipokea desturi hiyo, tukaivika jina la fungate. Tukapata safari, zile siku saba za kulala zikatuponyoka.

Na sijui mji unaozihitaji siku hizo kuliko Nairobi. Tazameni arusi ya hapa inavyoandaliwa. Kamati huundwa miezi mitatu au minne kabla, ikawa inakutana kila wiki jioni baada ya kazi, mara nyingi katika hoteli ya katikati ya mji kwa sababu ndiko matatu za pande zote huishia. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, namba ya paybill na kundi la WhatsApp lisilolala. Kabla ya hapo kumekuwa na ruracio, au mahari kwa taratibu za kwenu, na safari za mashambani mara mbili tatu. Wanaooana kiserikali wana shughuli zao Sheria House, Harambee Avenue, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka notisi itolewe siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa. Wiki ya mwisho hakuna anayelala. Jumamosi yenyewe bi arusi anaamka saa kumi za usiku kupambwa, anaingia kanisani saa nne, anapigwa picha Arboretum saa saba, anaingia kwenye bustani ya karamu Karen au Loresho saa tisa, na anatabasamu mpaka mgeni wa mwisho atakapoondoka.

Mwili haulisahau jambo hilo kwa sababu tu umepakiwa kwenye ndege. Madaktari wanaoshughulikia kipandauso wanaijua vizuri hali ya kichwa kuanza kuuma pale mfadhaiko unapopungua, baada ya kazi kwisha, wala si wakati mtu yuko katikati ya pilikapilika. Mimi nawaona pia wale wanaolia bila kujua sababu siku ya tatu, wakadhani wamekosea kuoana. Hawajakosea. Wamechoka, na wamechokea mahali pa ghali.

Pesa ni sura nyingine ya uchovu huo huo. Ahadi za michango hazifiki zote kwa wakati. Aliyeahidi elfu kumi hutuma elfu tatu na pole nyingi. Pengo huzibwa na maarusi wenyewe, na mfuko wa kwanza kuguswa ni ule wa safari. Usipotosha, wanakopa kwa simu. Ndiyo maana nasisitiza safari isiguswe mpaka kamati ivunjwe. Kikao cha kuvunja kamati, ambacho wengi hukichukulia kama chai na shukrani, kina uzito: hapo ndipo mweka hazina anasoma hesabu, nanyi mnajua mnadaiwa nini na nani. Kwa kawaida huja wiki mbili tatu baada ya arusi, na kwa mtindo wa sasa huwakuta maarusi wameshatumia pesa ambazo hawakujua kama wanazo.

Na nyumba je? Wawili wanaohamia pamoja Kangemi au Kileleshwa hulipa kodi ya mwezi na amana ya mwezi mwingine, pengine huku mmoja bado anamaliza notisi ya nyumba yake ya zamani. Kuna gesi, pazia, godoro la kuwatosha wawili. Nimewahi kuwashauri watu waliorudi kutoka pwani na picha nzuri sana, wakalala chini mwezi mzima. Hawakuwa wapumbavu. Walifuata mpangilio ambao hakuna aliyewaambia unaweza kubadilishwa.

Sasa tuhesabu mambo yalivyo safari ikisubiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, na haina likizo maalumu ya arusi. Lakini inaruhusu likizo igawanywe kwa ridhaa ya mfanyakazi, na isipokuwa mmekubaliana vingine, sehemu moja inapaswa kuwa angalau wiki mbili za kazi mfululizo. Chukueni siku tano kwa ajili ya fungate ya nyumbani. Baadaye chukueni kumi kwa safari. Zinabaki sita kwa misiba na mambo ya mashambani ambayo hayaishi. Anayezimaliza siku zake zote mara moja, nusu katika maandalizi na nusu katika kuugulia maandalizi hayo, huuanza mwaka wa kwanza wa ndoa bila hata siku moja ya kupumua.

Msimu nao una maneno yake. Arusi nyingi za Nairobi huangukia Agosti na Desemba, na wengine hungoja Kwaresima ipite ndipo wafunge ndoa Aprili. Aprili na Mei ni masika. Pwani kunanyesha, na baadhi ya hoteli hufunga kwa ukarabati. Agosti bahari iko mikononi mwa upepo wa kusi, mawimbi ni makali, na watoto wako likizoni. Desemba jua ni zuri, lakini nusu ya Nairobi iko Mombasa na bei za vyumba zimepanda kuliko wakati wowote. Aliyeoa Agosti akasubiri hadi Februari huikuta kaskazi inavuma, maji yametulia na hoteli zina nafasi. Aliyeoa Desemba anaweza kungoja zaidi ya hapo, hadi Oktoba, wakati ambapo nyumbu bado wako Maasai Mara na shule zimefunguliwa. Nauli ya treni ya Madaraka Express, iliyopandishwa Januari 2024 hadi shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, ni 6,000 au 18,000 kwa watu wawili kwenda na kurudi. Gharama inayowaumiza watu ni chumba, na chumba ndicho chenye msimu.

Jambo ninalolithamini kuliko yote, hata hivyo, halina risiti. Mwaka 2010 mtafiti Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza Waholanzi 1,530 kuhusu furaha yao. Waliokuwa wakitarajia kwenda likizo walikuwa na furaha kuliko wasiokwenda, na furaha hiyo ilionekana kabla ya safari. Baada ya kurudi, tofauti ilikuwa karibu imetoweka, isipokuwa kwa wale waliosema walipumzika sana. Nikiusoma utafiti ule naona mambo mawili. Kungoja kwenyewe ni sehemu ya raha, na anayeondoka kesho yake ya arusi, akiwa ameitumia miezi yote kuiwaza arusi, hakuingoja safari hata siku moja. Tena, anayerudi na faida ni yule aliyepumzika kweli.

Kungoja kunafundisha pia. Miezi mitano ndani ya nyumba moja inawafunulia mambo ambayo uchumba wa miaka mitatu uliyaficha: nani anataka kimya asubuhi, nani hutuma pesa nyumbani kila tarehe tano, nani hawezi kukaa siku mbili bila watu. Safari inayopangwa baada ya hapo hupangwa na watu wanaojuana. Ile ya mara moja hupangwa kwa picha za watu wengine.

Sasa nitoe onyo, kwa sababu ushauri huu una mtego. Mwaka 2014 wanauchumi wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, Andrew Francis-Tan na Hugo Mialon, walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 3,000 nchini Marekani waliowahi kufunga ndoa. Arusi za gharama kubwa zilihusiana na ndoa zilizovunjika mapema zaidi. Lakini waliokwenda safari ya baada ya arusi, iwe ya bei gani, walielekea kudumu zaidi. Uhusiano wa takwimu hautuambii ni kipi kilichosababisha kingine, na Marekani si Kawangware. Hata hivyo nalisema waziwazi kwa kila anayenisikiliza: aliyeahirisha akasahau, amepoteza kitu. Nairobi ina kodi, ina karo, ina harambee za watu. Pesa isiyo na tarehe huliwa.

Kwa hiyo tarehe iwekwe kabla ya arusi, iombewe likizo kazini kwa maandishi, na mfuko uwe mbali na akaunti ya kila siku, kwenye sacco au popote pasipofikiwa kwa kubonyeza simu mara mbili. Shilingi 10,000 kwa mwezi kwa miezi minane ni 80,000. Wanaotaka Zanzibar watumie muda huo kushughulikia pasipoti Nyayo House. Sheria haimlazimishi mke kubadilisha jina, lakini akilibadilisha, jina la tiketi na la pasipoti lazima yalingane. Wasisahau na chanjo: ile ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano, na nimewajua maarusi waliokumbuka hilo wakiwa wamebakiza siku nne.

Mimba ikiingia katikati, ambalo ni jambo la heri, safari isivutwe mno. Pwani kuna malaria zaidi kuliko Nairobi, na mama mjamzito huathirika vibaya nayo, kwa hiyo azungumze na kliniki kwanza, pengine wachague Naivasha au Nanyuki. Na wako ambao siwashauri wangoje kabisa: wale ambao mmoja wao anafanya kazi Qatar au Marekani na amepewa wiki tatu tu za kuwa nyumbani. Hao waende, na walale huko huko.

Nina wanandoa wawili walionifundisha haya bila wao wala mimi kupanga. Wameniruhusu niwasimulie bila majina. Walioana Jumamosi moja ya Machi 2020, siku moja baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini. Walikuwa wamelipia Lamu, jahazi na mbizi kwenye matumbawe. Wakaogopa kuondoka, na Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia hadi Julai. Wakabaki katika vyumba viwili Kileleshwa. Mama yake bi arusi, anayeishi Kangemi, akawa anawaachia chakula mlangoni, anabisha hodi, anarudi hatua tatu nyuma. Katika miezi hiyo ndipo bi arusi alipojua kwamba mumewe aliwahi kunusurika kuzama mtoni akiwa na miaka tisa, na kwamba alikubali zile mbizi kwa sababu hakutaka kumvunja moyo. Wakafuta mbizi. Wakapanga upya, polepole, safari ya watu wawili wanaotembea ufukweni.

Walikwenda Februari 2021. Simu ilinijia Jumatano, kama zile nyingine, lakini sauti ilikuwa ya juu na upepo ulikuwa unaipeperusha. Bi arusi alitaka kuniambia kwamba mumewe, bila kuombwa na mtu, yuko baharini, na maji yamemfika kiunoni.