Uvimbe Umekwisha, Nguvu Nazo?

Chukua bibi wa miaka 78 aliyeletwa wodini moyo ukiwa umechoka kusukuma damu. Miguu imevimba hadi magotini, na usiku hulala ameketi. Anachomwa furosemidi, ile dawa ya kukojoza, na mfuko wa mkojo unajaa. Siku ya 3 miguu imenywea, ndugu wanashukuru. Siku ya 4 hawezi kujiinua kitandani. "Uzee huo," anasema mjukuu, na mara nyingine hata sisi wa makoti meupe tunaitikia.

Kabla ya kuulaumu uzee, naomba kuona kipimo cha potasiamu.

Furosemidi hufanya kazi kwenye vijirija vya figo. Chumvi inayopita hapo ilikuwa irudi kwenye damu. Dawa inaizuia, nayo inaondoka na kuyavuta maji. Lakini ikikaribia mwisho wa safari, figo hujaribu kuokoa sehemu yake, na malipo ni potasiamu: sodiamu ya chumvi hiyo inaingia, potasiamu inatoka na mkojo. Homoni iitwayo aldosteroni ndiyo inayochochea biashara hiyo, na kwa mgonjwa wa moyo mara nyingi iko juu tayari.

Takribani asilimia 98 ya potasiamu yetu imo ndani ya seli, hasa za misuli. Kwenye damu kiwango cha kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Kikishuka chini ya 3.5 misuli inaweza kulegea na choo kuwa kigumu. Chini ya 2.5 ni dharura, kwani moyo unaweza kupiga ovyo. Kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo, hatari huanza mapema zaidi: dozi ileile ya jana inaweza kuwa sumu leo.

Mzee huingia wodini akiba yake ikiwa ndogo. Misuli imepungua, na kwa wiki nzima amekula uji na chai. Akiharisha, au akipewa dawa ya kulainisha choo, anapoteza zaidi. Insulini na salbutamoli ya kuvuta nazo huisukuma potasiamu iingie ndani ya seli, na kiwango cha kwenye damu hushuka.

Magnesiamu husahaulika sana. Ikiwa chini, potasiamu unayomwongezea mgonjwa huvuja tena kwenye mkojo, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Potasiamu yenyewe hutolewa kwa vidonge au maji ya kunywa. Ikilazimu dripu, iende polepole. Katika wodi ya kawaida aghalabu si zaidi ya milimoli 10 kwa saa. Kuichoma moja kwa moja mshipani kunaweza kuusimamisha moyo.

Madafu, je? Nayapenda, na potasiamu imo kweli. Ndizi moja mbivu ina milimoli 10 hivi, kwa hiyo upungufu mkubwa hauponi kwa matunda pekee. Halafu kuna upande wa pili: kama figo zimechoka, au mgonjwa anatumia dawa kama spironolaktoni, enalaprili au losatani, potasiamu inaweza kupanda mno, na huko nako moyo huhatarika. Muulize nesi kabla ya kupasua dafu.

Siku ya ruhusa, bibi hupewa karatasi ya dawa: furosemidi, kidonge kimoja asubuhi. Itazame vizuri karatasi hiyo. Tarehe ya kurudi kupima damu mara nyingi haimo. Omba iandikwe kabla hamjatoka getini.