Kazi ya roboti iko wapi?

Ndugu kijana wa Ntoto, koltani unayoosha mutoni inatoa tantali, nayo inaingia ndani ya simu na mashine za namna mingi. Lakini mushahara wa kuzitengeneza unapata nani?

Usiseme ni Wazungu peke yao. Mwaka 2013, kule Kinshasa, Mama Thérèse Izay Kirongozi na wenzake wa Women Technology, shirika la wanawake mainjinia, walisimamisha roboti ya kuongoza magari katika njia panda. Inageuza mikono, ina kamera, inakula nguvu ya jua. Mwaka 2015 zingine zikafuata, hata Lubumbashi. Na mama huyu alisomea ISTA ya Kinshasa, hapa hapa inchini!

Lakini tusidanganyane. Roboti ya barabara inanunuliwa na serikali, na ile ya 2015 bei yake ilikuwa karibu dola 27.500. Serikali ikikawia, fundi anakaa bure. Basi wazazi, mtoto akiomba karo ya masomo ya umeme, musimwahidi roboti. Umeme ule ule unatengeneza kinu cha kusaga, paneli za jua, na pompi ya shimo. Pompi ya kwenu ikikufa leo, munamwita nani, naye anatoka wapi?