Bandari na Njia ya Bara

Wengi tusikiapo neno bandari huwaza meli na bahari tu. Katika makala hii nataka kuwaonyesha wasomaji kuwa bandari huishi kwa mambo mawili: maji ya kina mbele yake, na njia ya kwenda bara nyuma yake. Likikosekana moja, mji hudhoofika hata ukiwa na sifa kubwa namna gani. Mfano tunao katika Bagamoyo na Dar es Salaam.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara itokayo Ujiji na Tabora. Wapagazi walileta pembe za ndovu mabegani, na watumwa waliswagwa kwa njia hiyo hiyo, kisha vyombo vikavuka kwenda Unguja. Njia ya bara basi ilikuwapo. Kilichopungua ni kina. Pwani ya Bagamoyo ni mchanga unaoteremka polepole, na maji yakipwa hutokea ufuko mrefu. Jahazi halidhuriki na jambo hilo, maana laweza kukaa mchangani mpaka maji yajae. Meli ya moshi haiwezi. Ilibidi itie nanga mbali, shehena iletwe kwa mashua, tena watu waingie majini waitwae mabegani. Hebu fikirini gunia la sukari likivushwa hivyo wakati wa kusi!

Dar es Salaam ni kinyume chake. Mlango wake ni mwembamba, lakini ndani maji yamezungukwa na nchi kavu, wala mawimbi makubwa hayafiki. Seyyid Majid wa Unguja aliiona faida hiyo, na katika miaka ya 1860 akaanza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870 kazi ililala, na misafara ikaendelea kushukia Bagamoyo. Kwangu mimi hapa ndipo penye fundisho kuu la jiografia yetu, kwa kuwa maji mazuri yalikaa miaka ishirini hivi bila kuleta faida kubwa. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia serikali yao Dar es Salaam, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Mzigo uliokuwa ukisafiri miezi kichwani mwa mpagazi sasa ulisafiri siku chache, na Bagamoyo haikuwa na la kujibu.

Hata hivyo kazi ya bandarini ilibaki nzito. Mpaka gati za kina kirefu zilipofunguliwa mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari na kushushia shehena katika matishari. Waliobeba ni makuli, na ujira wao ulikuwa mdogo. Mwezi wa Septemba 1947 waligoma. Mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wengine mjini, kisha ukaifuata reli kwenda bara. Ilionekana wazi siku hizo kwamba kuli wa gatini na mtu wa stesheni ya mbali wamefungwa kamba moja.

Baadaye bara lenyewe lilipanuka. Zambia haina pwani, na shaba yake ilikuwa ikipita kusini kwa reli ya Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Walowezi wa huko walipojitangazia uhuru mwezi wa Novemba 1965, njia hiyo ikawa ya mashaka, na Zambia ikageukia Dar es Salaam. Kwanza yalikuja malori katika barabara mbovu. Mwaka 1968 likamalizika bomba la mafuta hadi Ndola. Kisha, kwa mkopo wa China, ikajengwa reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kazi rasmi mwaka 1976.

Upana wa reli hiyo ni milimita 1,067, ili mabehewa yaweze kuendelea katika reli za Zambia. Ile ya Wajerumani ina milimita 1,000, na reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria hadi Dodoma mwaka 2024, ina 1,435. Hivyo zote tatu huanzia katika mji mmoja, lakini behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine.